Sekunde Tisa za Pacifique

Odile alikuwa na neno moja ambalo Kasongo nzima ililijua, na hakuna aliyejua ni la nini. Neno lenyewe ni "twende." Kila mara mpira wa basketi ulipotoka nje na kurudishwa ndani, yeye mwamuzi aliinua mkono, akangoja mchezaji aliye ndani auguse mpira, halafu akaushusha mkono kwa nguvu na kusema "twende," kwa sauti ya kumfikia mtu aliye ng'ambo ya kiwanja. Watoto walimwiga njiani. Akitoka sokoni na beseni la mihogo kichwani, walimfuata nyuma, mmoja anashusha mkono, wengine wanaitikia. Odile alicheka nao. Wachezaji walidhani anawahimiza wakimbie. Waamuzi wenzake walidhani ni majivuno ya mama anayependa kusikika, na mmoja alishamwambia usoni kwamba sheria inataka mkono tu, kelele haizitaki.

Kweli sheria inataka mkono tu. Mkono unashuka, mtu wa krono, ile saa ya kushika mkononi, anauona, anabonyeza, saa ya mchezo inaanza kutembea. Ndivyo ilivyoandikwa, na aliyeandika alidhani kila mtu wa krono ana macho.

Mtu wa krono wa Kasongo alikuwa Pacifique, mume wa Odile, fundi wa baiskeli mwenye kibanda karibu na soko. Macho yake yalikuwa yamekufa taratibu mpaka ikawa miaka minne haoni, na mtu mmoja tu ndiye aliyelijua jambo hilo. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akisema "twende."

Lakini tuanze mbali kidogo, maana hawa wawili hawakukutana kwenye ugonjwa. Odile alicheza basketi tangu shuleni kwa masista, akaendelea kucheza mpaka mimba ya kwanza. Baadaye akawa mkunga wa maternite, nyumba ya wazazi, kazi anayoifanya hadi leo. Hapo maternite saa ya ukutani ilikufa mwaka wake wa kwanza na haikuletwa nyingine. Kwa hiyo alijifunza kuhesabu sekunde mwilini mwake, sikio kwenye kipembe cha mti, akisikiliza moyo wa mtoto tumboni mwa mama yake. Moja, mbili, tatu, hakosei. Alipokuwa na miaka ishirini na sita, mwamuzi mmoja wa mjini alikuja kuchezesha mechi akiwa amelewa, wachezaji wakakataa kucheza, naye Odile akatoka kwenye watazamaji, akamnyang'anya yule bwana filimbi mdomoni, akaipangusa kwa kitenge, akapuliza. Tangu siku ile hakuirudisha. Nusu ya vijana anaowapigia filimbi ya foti, yaani kosa, leo aliwapokea yeye mwenyewe walipozaliwa, na akikasirika huwakumbusha ni nani alikuja akiwa ametanguliza miguu.

Watu walisema, bila shaka. Mke wa mtu anakimbia uwanjani na suruali fupi mbele ya wanaume, mume wake yuko wapi? Basi Jumapili iliyofuata mume wake alikuwa mezani. Alivaa shati jeupe, akakaa mbele ya kila mtu, akaomba apewe krono. Katibu wa timu akamuuliza kama anaujua mchezo. Pacifique akasema hapana, lakini mke wake akikimbia, yeye atamshikia saa. Walicheka sana siku ile. Hakuondoka pale mezani miaka ishirini, wakamwita Papa Krono, na sidhani kama kuna jina lililompendeza zaidi.

Ukungu ulianza kwenye jicho la kushoto. Odile aliona chai ikimwagwa pembeni ya kikombe mara mbili, mara tatu. Aliona mume wake anakwenda kila mahali akisukuma baiskeli bila kuipanda, na watu wanasema fundi huyu anapenda baiskeli kupita kiasi. Baiskeli ilikuwa fimbo yake. Gurudumu la mbele lilimwambia palipo na shimo. Kazini hakupata shida kubwa, kwa sababu tundu la tairi alilitafuta kwa sikio, na njiti za gurudumu alizinyoosha kwa kuzipiga kidogo kwa ukucha na kuzisikiliza. Jioni moja Odile akamuuliza wazi, wakiwa wanamenya maharagwe mabichi uani.

"Baba Christophe, mkono wangu uko na vidole ngapi mbele yako?"

Pacifique aliendelea kumenya, akasema, "Uko na vitano kama siku zote. Mengine usiniulize."

Christophe ni mtoto wao wa kwanza, anaishi Lubumbashi, hayumo katika habari hii. Odile alilia pale uani, na maharagwe yakabaki. Alimwambia kuna madaktari wa macho wanaopita Kindu, mji mkuu wa mkoa wa Maniema, watafute nafasi. Pacifique alikubali wataenda siku moja, kwa namna ya mtu asiyetaka siku hiyo ifike, kwa sababu aliogopa kisu kuingia jichoni. Kisha akaomba kitu kimoja.

"Niachie krono," alisema. "Baiskeli natengeneza peke yangu kibandani, hakuna mutu ananiona. Pale mezani ndipo watu wananisalimu. Ukinitoa pale, watasema Pacifique amekwisha."

Odile alijua sheria kuliko mtu yeyote wa Maniema ya kusini. Alijua jibu ni hapana. Akasema ndiyo, kwa sababu alimpenda, na kuanzia hapo ukaanza ule ufundi wao wa siri. Kusimamisha krono kulikuwa rahisi, maana filimbi inasikika hata na asiyeona. Kusoma namba ilikuwa kazi ya Jeannette, mwalimu wa shule ya msingi aliyeandika pointi kwenye karatasi ya mechi, mwenye sauti ya darasa la watoto sitini. Alizoea kuchungulia krono mkononi mwa mzee na kutangaza dakika zilizobaki, akidhani anamsaidia tu. Muda ukiisha, krono yenyewe hulia. Kilichobaki kilikuwa kuanzisha, na hapo hakuna filimbi, kuna mkono unaoshuka kimya. Ndipo Odile akaweka neno lake, hata mpira ukitolewa na mwenzake. Dakika za mwisho za kila mechi alihakikisha yeye ndiye anayempa mchezaji mpira wa kurudisha ndani, hata kama mahali palikuwa pa mwenzake. Walimwita mpenda ukubwa. Akaacha wamwite.

Miaka minne mambo yakaenda hivyo. Kila baada ya mechi Odile aliitia sahihi karatasi, na kila mara kalamu ilikuwa nzito kidogo. Alijiambia hakuna aliyeibiwa hata sekunde moja, na ilikuwa kweli. Alijiambia pia atalimaliza jambo hili msimu ujao.

Basi ikafika fainali ya wasichana, Kasongo na Kabambare. Atakayeshinda anakwenda Kindu kucheza na timu za wilaya zingine. Wasichana wa Kabambare walikuja kwa pikipiki, watatu watatu nyuma ya dereva, siku mbili kwa njia ile ya matope ambayo ukiijua huisemi vizuri. Wawili walianguka mtoni, viatu vya mmoja vikaenda na maji, akacheza na viatu vya kuazimwa kwa msichana wa Kasongo aliyekuwa benchi. Kocha wao alikuwa Papa Heri, mwalimu mwembamba mwenye adabu, ambaye kila akisema na mwamuzi alivua kofia. Nyuma yao walikuja watu kama thelathini wa kuwashangilia, wengine kutoka kijiji cha Lusangi, na hao walikuwa na desturi yao ya Kabambare: mwamuzi akihesabu kwa mkono, wao wanahesabu kwa mdomo.

Hapa nieleze kidogo kwa asiyejua. Timu ikianza na mpira upande wake, ina sekunde nane za kuuvusha nusu ya kiwanja. Mwamuzi aliye karibu anazihesabu kwa kupunga mkono, sekunde moja, pungo moja. Mwamuzi wa pili siku ile alikuwa Hamadi, kijana mnyoofu, anayeshika sheria kama mtu aliyeoa juzi anavyoshika maneno ya mkewe. Kila alipopunga, watu wa Kabambare waliimba naye, kumoja, kubili, kusatu, mpaka mpira uvuke. Watu wa Kasongo walizomea. Ilikuwa furaha kubwa, kiwanja cha saruji cha misioni kimejaa mpaka kwenye ukuta.

Zilipobaki sekunde chache Kasongo walikuwa na thelathini na saba, Kabambare thelathini na sita. Esther-Divine, kapteni wa Kabambare, ndiye yule wa viatu vya kuazimwa. Alipenya katikati ya wawili, akatupa, mpira ukaingia, naye akaanguka kwa goti kwenye saruji. Thelathini na nane kwa thelathini na saba. Odile alipuliza filimbi kwa sababu ya yule aliyeanguka, Pacifique akabonyeza, krono ikasimama.

"Sekunde tisa!" akatangaza Jeannette.

Goti lilikuwa limefunguka vibaya. Odile aliona damu, na mkono wa mkunga ukatangulia mkono wa mwamuzi. Alimpeleka msichana benchi, akamwita mchezaji wa badala yake aingie, akapiga magoti, akaomba kitambaa, akafunga. Hamadi alisimama nyuma ya mstari na mpira mkononi, kule mwisho kabisa, akamwangalia kama yuko tayari. Odile, jino likiwa limeshika ncha ya kitambaa, akamwinulia kidole gumba. Tayari.

Kosa lilikuwa pale. Si la mwingine.

Hamadi alimpa mpira mchezaji wa Kasongo, akainua mkono, mpira ukatupwa ndani, ukaguswa, mkono ukashuka kama unavyotakiwa, bila neno. Akaanza kupunga. Kumoja, kubili, wakaimba wale thelathini. Odile alisimama, akaingia uwanjani, na kwa mazoea ya miaka mwili wake ulikuwa umeshaanza kuhesabu wenyewe. Kasongo walibanwa vikali upande wao. Kune. Kutano. Laura, kapteni wa Kasongo, aliuvusha mpira kwenye sita, na hapo ndipo Odile alipotupa jicho mezani.

Pacifique alikuwa amekaa wima, krono mkononi, kidole juu ya kitufe, kichwa amekiinamisha upande mmoja kidogo. Alikuwa anangoja kuitwa.

Odile alielewa mara moja. Filimbi ilikuwa mdomoni mwake tayari, na angeipuliza pale pale mambo yangekuwa madogo. Lakini kupuliza ni kusema sababu, na sababu alikuwa amekaa pale mezani na shati lake jeupe. Alisita. Saba. Nane. Tisa ikapita, mechi ikaisha bila mtu kujua. Kumi. Kwenye kumi na moja Laura aliruka, akatupa, na mpira ukaingia vizuri, bila kugusa chuma.

Kiwanja kilifurika. Watu wa Kasongo waliruka ukuta, Laura akabebwa, na katika makelele hayo Odile akapuliza filimbi mara tatu na kunyoosha mikono hadi watu warudi nyuma. Akamwendea Jeannette.

"Krono iko ngapi?"

Jeannette akachungulia, akakunja uso. "Iko tisa, mama."

"Tisa ya wakati gani?"

"Ile ile tisa."

Sasa walikuwa wamekusanyika mezani watu wote waliostahili. Hamadi, Laura na Esther-Divine, huyu akichechemea, Papa Heri, kofia mkononi, na Hemedi, kocha wa Kasongo, mtu mzuri akishinda. Pacifique alibaki amekaa. Alikuwa ameshaelewa kabla yao, maana alisikia mpira ukidunda sana bila kusikia sauti aliyoingoja. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna iliyomtisha mke wake.

"Mama Odile," alisema Papa Heri kwa upole, "krono ililala. Watu wetu walihesabu sita kwa mkono wa arbitre, huyu mwamuzi kijana, na baadaye zikapita zingine."

"Watu wenu si arbitre," Hemedi alisema. "Krono iko tisa, basi tisa zibaki. Tunaongoza kwa moja, tucheze tisa zetu."

Odile alimuuliza Hamadi alipunga ngapi. Hamadi akasema sita, mpaka mpira ulipovuka, baada ya hapo hakuhesabu. Odile akasema yeye alihesabu hadi mwisho, na mpira ulitoka mkononi mwa Laura kwenye kumi na moja. Hemedi akatikisa kichwa. Alisema hesabu ya kichwani haiwezi kushinda krono. Halafu akanyoosha kidole kwa Pacifique.

"Muulizeni Papa Krono. Miaka ishirini hajakosa. Kama hakubonyeza, ni kwa sababu mkono haukushuka. Kosa ni la huyu kijana, hakushusha mkono, basi saa haikutakiwa kuanza. Kikapu chetu kibaki, na tisa zibaki."

Nani angemwamini Hamadi mbele ya mzee? Hakuna aliyekuwa akiutazama mkono wake mwanzoni, watu wote walikuwa wakitazama mpira. Na Odile akaona njia imefunguka, pana, imefagiliwa. Pacifique aseme tu "haukushuka." Neno moja. Angerudi nyumbani na jina lake zima, na meza yake, na salamu zake za Jumapili. Kijana angelaumiwa wiki mbili, watu wasahau. Wasichana wa Kabambare wangepanda pikipiki zao warudi na matope yao. Sheria ilimtaka mwamuzi mkuu amuulize mtu wa krono kabla ya kukata shauri, na kabla ya sahihi kila kosa la saa linaweza kurekebishwa. Baada ya sahihi, hakuna.

Alimpenda mume wake kuliko Kindu na Kabambare zikiwekwa pamoja. Akamuuliza hata hivyo.

"Mtu wa krono. Mkono ulishuka ama haukushuka?"

Pacifique hakumjibu yeye. Aligeuza uso kuelekea palipotoka pumzi ya Hamadi. "Kijana, mkono uliushusha?"

"Niliushusha, papa."

"Basi uliushusha." Akaiweka krono mezani taratibu, akaisukuma kidogo mbele, kama mtu anayemaliza kula. "Mimi sikuuona. Huu sikuuona, na ule wa Jumapili iliyopita sikuuona. Iko sasa miaka mine sijaona mukono wa mutu. Nilikuwa nangoja sauti ya mke wangu, na leo alikuwa na mugonjwa."

Laura ndiye wa kwanza kugeuka kumtazama Odile, na ilionekana usoni mwake jinsi ile "twende" ya miaka yote ilivyokuwa ikitafuta mahali pake papya.

"Mimi nilijua," alisema Odile. "Nilijua tangu mwanzo. Yeye aliniomba, na mimi ndiye mwenye filimbi, ningekataa. Muandike mimi."

Akavuta karatasi ya mechi. Akaandika nyuma yake, kwa mwandiko wa mkunga, kwamba krono haikuanzishwa zilipobaki sekunde tisa, kwamba mwamuzi wa pili alipunga sita na mwamuzi mkuu alihesabu kumi na moja, kwamba kikapu cha mwisho kiliingia baada ya muda kwisha na hakihesabiwi, na kwamba kosa ni la mwamuzi mkuu. Kabambare thelathini na nane, Kasongo thelathini na saba. Akatia sahihi. Safari hii kalamu haikuwa nzito, ila hakuiona vizuri kwa machozi.

Nisiseme uongo, Kasongo hawakulipokea vizuri. Kulitupwa maganda ya karanga. Mtu mmoja nyuma alisema kipofu ameuza mechi, na mama mmoja wa sokoni, aliyejifungua watoto wanne mikononi mwa Odile, akamgeukia mtu huyo na kumwambia maneno ambayo hayaandikiki. Laura alikaa chini kwenye saruji, akalia ameficha uso katika fulana. Papa Heri hakushangilia. Alivaa kofia ili apate kuivua tena mbele ya Pacifique, akainama, akaenda kuwakusanya wasichana wake.

Odile na mume wake waliondoka mwisho. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani. Pacifique alinyoosha mkono kuitafuta, halafu akaacha.

"Itakuja kesho," alisema. "Leo nishike."

Akamshika mkono, mchana kweupe, wakapita katikati ya mji wakiwa wameshikana, jambo ambalo hawakulifanya hata siku ya harusi. Watu walisimama pembeni na pikipiki zao. Odile alimwambia palipo na mfereji, palipo na jiwe. Karibu na msikiti mdogo akamwomba msamaha kwa kuinua kile kidole. Pacifique akasema goti la yule mtoto lilihitaji kufungwa, na kama asingelifunga asingekuwa mke wake. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba Jumapili atabaki nyumbani. Moyo wa Odile uliuma, kwa sababu alijua kwamba katika mechi yenye karatasi ya kutia sahihi hatampa tena krono.

Usiku mvua ilinyesha, njia ya Kabambare ikafungwa. Asubuhi mwendesha pikipiki hata mmoja hakukubali kwenda. Pacifique alikuwa kibandani na tairi ndani ya beseni la maji, sikio chini, aliposikia miguu mingi ikisimama mlangoni, mmoja ukichechemea.

"Shikamoo, Papa Krono."

"Marahaba. Huyo ni Laura," alisema. "Na huyo mwingine ni mwenye goti. Papa Krono yuko wapi tena?"

Laura alikuwa na macho yaliyovimba, ila Pacifique hilo hakuliona. Laura alisema wamekwama pamoja, wao na hawa wa Kabambare, na kwamba hawa wanakwenda Kindu na kule timu zinakimbia sana, basi Kasongo wameona wawachezeshe kidogo ili wasiende kutia aibu kusini yote. Mechi ya bure, haina karatasi. Jeannette amekubali kuja na Hamadi amekubali. Mama Odile ametoka maternite, yuko kiwanjani. Krono haina mtu.

"Mumpe Yves, mtoto wa sekretari wa timu," alisema Pacifique. "Ako na macho mazuri."

"Yves hatumutaki."

"Laura, mwanangu. Jana umekosa Kindu juu yangu."

"Nimekosa," alisema Laura. "Bado inaniuma, papa, sikudanganyi. Lakini ungesema tu mkono haukushuka, tungeenda sisi. Nililala nikiwaza hiyo." Akafuta pua. "Na ile twende. Siku zote tulizani ni yetu."

Pacifique alikausha mikono yake kwenye suruali, polepole, kidole kwa kidole. Esther-Divine ndiye aliyechukua baiskeli waliyomletea kutoka kiwanjani na kuiegemeza ndani, Laura akampa mzee bega lake.

Kiwanjani hapakuwa na watu wengi, wachache tu walioona wasichana wakipita na Papa Krono katikati yao wakawafuata. Odile alipowaona alisimama na filimbi mkononi. Alitaka kusema sheria inasemaje, kwa sababu ndivyo alivyo, halafu akakumbuka leo hakuna cha kutia sahihi. Jeannette alivuta kiti. Krono, ambayo Jeannette aliilaza kwake kwa ajili ya mvua, ilikuwa mezani pale pale ilipoachwa. Pacifique aliipapasa, akaipata, akaweka kidole.

Walicheza. Mpira wa kwanza kutoka nje ulikuwa wa Kabambare, upande wa mbali na meza, na Odile mwenyewe ndiye aliyeutoa. Akainua mkono, akajaza pumzi kwa lile neno lake. Mpira ukatupwa, msichana mmoja wa Kasongo akaudaka njiani, mkono wa Odile ukashuka, na kabla hajafungua mdomo wasichana wote kumi, wa fulana hizi na fulana zile, walisema kwa pamoja, bila kuacha kukimbia, "Twende."

Odile alibaki amesimama na pumzi yake kifuani. Kule mezani kidole cha Pacifique kilikuwa kimeshashuka, na mzee alikuwa akilia bila kuficha uso, huku ameielekeza krono upande wa Jeannette ili asome.

"Inatembea, papa," alisema Jeannette.